Kumnyima Chakula Mgonjwa Hadi Afe: Ni Mauaji Gani?



Tulipofika mlango wa jinai katika darasa letu la fiqhi hapa Mbarara, dada mmoja aliyekulia Nakivale aliuliza swali ambalo naona halifai kuishia msikitini. Akasema: chukulieni mama mzee aliyepooza, anaishi na jamaa yake. Jamaa huyo ndiye aliyeandikishwa kumchukulia mgao wake siku ya kugawa. Anauchukua, anauuza, na mzee anaonjeshwa uji leo, kesho na keshokutwa hapati kitu. Majirani wakipiga hodi wanaambiwa amelala. Baada ya wiki kadhaa anafariki. Watu wanasema innaa lillahi, na baada ya alasiri anazikwa. Je, yule jamaa ni mwizi, ni mzembe, au ni muuaji?

Darasa liligawanyika. Wapo waliosema ni mwizi tu, maana hakumpiga wala hakumtilia sumu, na mzee alikuwa na ugonjwa wake tangu zamani. Ndugu mmoja anayesoma sheria akasema ni muuaji bila shaka, kwa kuwa zipo nchi ambazo mtu akifa wakati wewe unatenda kosa kubwa la jinai, kosa hilo lenyewe linatosha kukufanya muuaji hata kama kifo hukukitaka. Naanza na jibu hili la pili kwa sababu linavutia. Kisha nitaeleza kwa nini naona si njia yetu, na kwa nini wale wa kwanza pia hawakupatia.

Kanuni aliyoitaja ndugu yetu ni ya sheria ya Waingereza. Kazi yake ni kuhamisha nia: nia ya kuiba au ya kuchoma nyumba inahesabiwa kana kwamba ni nia ya kuua. Waingereza wenyewe waliifuta kwao kwa sheria ya mwaka 1957. Marekani imebaki katika majimbo mengi. Jimbo la Florida lina orodha ya makosa ambayo kifo kikitokea ndani yake huwa ni mauaji ya daraja la kwanza, na katika orodha hiyo, pamoja na ujambazi na utekaji nyara, umo unyanyasaji mkubwa wa mzee au wa mtu mzima mwenye ulemavu. Hapa jirani, Kenya katika kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu bado inahesabu nia ya kutenda kosa kubwa kuwa ni nia ovu ya mauaji. Tanzania nayo, katika kifungu cha 200, inataka kosa liwe lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka mitatu.

Uganda haimo katika safu hiyo, na wengi wetu hatulijui hilo. Nia ovu katika Kanuni ya Adhabu ya Uganda ina matawi mawili tu. La kwanza ni kukusudia kifo. La pili ni kujua kwamba kitendo chako, au kuacha kwako kutenda, kuna uwezekano mkubwa wa kuleta kifo, hata kama hujali kitokee au kisitokee, na hata kama moyoni unatamani kisitokee. Lishikeni hili tawi la pili, maana ndilo linalokutana na fiqhi yetu.

Sasa fiqhi. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tumesomeshwa, kuua ni kwa aina tatu: makusudi, kinachofanana na makusudi, na kukosea. Imam Malik anazo mbili, hana ile ya katikati. Kinachoangaliwa ni mlengwa na kifaa: je, ulimkusudia mtu huyu, na je, ulichomfanyia ni jambo ambalo kwa kawaida huua? Wizi una hukumu yake na ushahidi wake. Kuua kuna hukumu yake. Sijaona kwa mafakihi mlango ambao nia ya kuiba inajazwa mahali pa nia ya kuua. Kinachonikwaza zaidi katika ile kanuni ni upana wake: aliyebaki nje akilinda mlango anaweza kuhukumiwa sawa na aliyepiga risasi ndani, wakati Qur'ani imerudia zaidi ya mara moja kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine.

Lakini tusikimbilie kusema basi yule jamaa amepona. Mafakihi walilijadili suala hili hili karne nyingi kabla ya Florida. Imam an-Nawawi ameliweka katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wenu mmekiona kwenye rafu za masheikh wenu. Maana ya maneno yake ni hii: mtu akimfungia mwenzake, akamzuia chakula na kinywaji na akamzuia asiweze kukitafuta, hadi akafa, tunaangalia muda. Ukipita muda ambao mtu mfano wake kwa kawaida hufa kwa njaa au kiu, hayo ni makusudi, na kisasi kinathibiti. Usipofika muda huo, na marehemu hakuwa na njaa wala kiu kabla, ni yale yanayofanana na makusudi, yaani diya nzito. Na kama tayari alikuwa na njaa kabla ya kufungiwa, na aliyemfungia akaijua hali hiyo, basi ni makusudi.

Someni tena maneno mawili hapo: "mfano wake" na "akaijua". Muda haupimwi kwa kijana wa miaka ishirini mwenye nguvu za kucheza mpira uwanjani. Unapimwa kwa mtu wa mfano wa marehemu. Siku ambazo mimi na wewe tungezimaliza tukiwa tumedhoofu tu, bibi aliyepooza hazimalizi. Wanavyuoni wa Kishafi'i wametumia kipimo hicho hicho katika kupiga. Fimbo nyepesi kwa mtu mzima mwenye afya, akifa nayo, huhesabiwa kuwa inafanana na makusudi. Fimbo hiyo hiyo kwa mgonjwa au aliye dhaifu, au katika joto au baridi kali, inageuka kuwa makusudi, kwa sababu mtu wa namna hiyo hufa nayo. Kwa hiyo udhaifu wa marehemu, ambao wenzetu darasani waliuleta kama utetezi wa jamaa, katika fiqhi ndio unaomzidishia mzigo.

Sheria ya Uganda inasema jambo la karibu sana. Anayeharakisha kifo cha mtu ambaye tayari ana ugonjwa au jeraha linaloelekea kumuua anahesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha kifo hicho. Kwa hiyo "alikuwa mgonjwa tangu zamani" halimtoi mtu katika kesi.

Haki ya elimu inanilazimu niwaeleze kwamba si wote walioafikiana na Imam Shafi'i. Abu Hanifa aliona kwamba aliyemfungia mtu hadi akafa kwa njaa halipi chochote, kwa sababu kilichoua ni njaa, nayo imetoka ndani ya mwili wa marehemu. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakumfuata, wakasema kuna diya. Wamaliki wamekwenda mbali zaidi ya sisi. Kwao kumnyima mtu chakula kwa kukusudia afe ni miongoni mwa njia za kuua zinazoleta kisasi, kiasi kwamba wamemtaja hata mama anayemnyima mtoto wake maziwa akitaka afe. Na Mahanbali wanayo ile habari ya Umar bin al-Khattwab (r.a.), kwamba mtu alifika kwenye nyumba za watu akaomba maji, wakamnyima, akafa kwa kiu, na Umar akawatoza diya yake. Watu wale hawakumfungia, walikaa tu na maji yao.

Hapo ndipo penye ugumu wa swali la dada yetu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wametofautisha kati ya aliyemfungia mtu na aliyechukua tu chakula cha mtu jangwani akamwacha huru. Huyu wa pili, mwenye chakula akifa kwa njaa, hawakumtoza dhamana ya roho, kwa sababu hakufanya kitu katika mwili wa mtu yule. Mlango wa bibi wa Nakivale haukuwa na kufuli. Je, alikuwa amefungiwa, au alikuwa mtu huru aliyeibiwa posho yake?

Nitasema ninavyoona, nami ni mwanafunzi tu, kwa hiyo muwaulize walionizidi. Kufungia si mbao na kufuli. Kinachotajwa katika suala lile ni kumzuia mtu asiweze kukitafuta chakula. Aliyepooza tayari hawezi kwenda. Njia yake pekee ya kukitafuta ni watu: jirani anayepiga hodi, mtoto anayepita, mwenyekiti wa kijiji. Aliyejiandikisha kuwa mkono wake, akashika karatasi yake, kisha akasimama mlangoni akisema "amelala", ameifunga njia hiyo ya pekee. Huyo simwoni kama mwizi wa jangwani. Na mnakumbuka hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim: hakumlisha, wala hakumwacha akale wadudu wa ardhini. Mambo mawili yametajwa pamoja, kutolisha na kutoacha. Paka wa barabarani ambaye hujampa chakula hana kesi nawe namna hiyo.

Waingereza nao walilikuta suala hili mahakamani. Mwaka 1893 iliamuliwa kesi maarufu ya Instan. Mwanamke huyo alikuwa akiishi na shangazi yake wa miaka 73, tena kwa fedha za shangazi. Bibi akapata uozo mguuni, akawa hawezi kujisaidia wala kuita mtu, na katika siku zake za mwisho hakuna aliyejua hali yake ila huyo mpwa. Mpwa aliendelea kupokea vyakula vilivyonunuliwa kwa fedha za bibi, akawa hampi, wala hakumwita daktari. Mahakama ilisema alikuwa na wajibu, na hatia ya kuua bila kukusudia ikathibitishwa. Badilisheni fedha za shangazi kwa mgao wa WFP, mtaona kuwa mko Nakivale.

Wajibu ule ambao majaji wa mwaka 1893 walilazimika kuutafuta, Uganda umeandikwa. Kanuni ya Adhabu inasema kwamba yeyote aliye na mtu chini ya uangalizi wake, ambaye kwa umri, ugonjwa, maradhi ya akili, kuzuiliwa au sababu nyingine hawezi kujiondoa katika uangalizi huo wala kujipatia mahitaji ya maisha, ana wajibu wa kumpatia mahitaji hayo. Ni sawa wajibu uwe umetoka kwenye mkataba, kwenye sheria, au kwenye tendo lake mwenyewe, halali au haramu. Na asipoutimiza, anahesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha madhara yote ya maisha na afya yanayofuata. Ndani ya maneno hayo yumo bibi aliyepooza, na yumo pia kijana aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba kwa sababu akili imemruka, jambo ambalo bado tunaliona na kulipita kana kwamba ni la kawaida.

Kwa hiyo kwa sheria ya nchi hii, uzembe uliokithiri ukileta kifo ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Na ikithibiti kwamba alijua mtu huyu anaelekea kufa na akaendelea, tunarudi kwenye lile tawi la pili: hata kama alitamani asife ili mgao uendelee kuja, ni mauaji. Adhabu yake kubwa ni kifo. Si lazima jaji aitoe, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Susan Kigula mwezi Januari 2009, lakini ipo. Tazameni basi jinsi an-Nawawi na Kanuni ya Adhabu, waliotoka pande mbili za dunia, walivyokutana kwenye neno moja: kujua. Hakuna haja ya kuazima nia kutoka kwenye wizi. Wizi una kazi nyingine, kuwa ushahidi. Aliyekuwa akipokea chakula cha mtu kila mgao na kukipeleka sokoni hawezi kusema hakujua kama mtu huyo anakula au hali.

Hapa lazima niwe mwadilifu kwa watu wa Nakivale. Makazi yale ya Isingiro yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na njaa ya sasa si ya kusimuliwa. Mwaka 2023 WFP iliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: wenye uhitaji mkubwa zaidi wakawekewa asilimia 60 ya mgao, kundi la kati asilimia 30, na waliohesabiwa kuwa wanajiweza wakaondolewa kabisa. Matokeo yake ni kwamba mzee au mwenye ulemavu anaweza kuwa ndiye mwenye mgao mnono kuliko wote nyumbani. Chungu kimoja, watoto sita, na jina lililobeba chungu ni la bibi. Mlezi anayegawa kidogo kilichopo kwa wote, naye mwenyewe akilala njaa, si muuaji kwa fiqhi wala kwa sheria. Nafaka za bibi ni mali ya bibi, ni kweli, na hilo lina hesabu yake. Lakini Mashafi'i hawamwajibishi mtoto kuwalisha wazazi wake maskini ila kwa kinachozidi chakula chake na cha mkewe cha mchana na usiku. Asiye na ziada hana wajibu huo. Mazungumzo yetu ni juu ya aliyekuwa nacho, akazuia.

Suala la watu wawili nyumbani nitalipitia kwa haraka. Mume anasema mke ndiye aliyekuwa akimlisha, mke anasema mume. Waingereza walitunga sheria mwaka 2004 inayomtia hatiani mtu wa nyumba aliyesababisha au kuruhusu kifo cha mtoto au mtu mzima asiyejiweza, na kwanza adhabu yake ilikuwa hadi miaka 14, kisha mwaka 2022 ikafanywa hadi kifungo cha maisha. Sisi tunayo hukumu ya Umar (r.a.) aliyewaua watu kadhaa wa San'aa kwa mtu mmoja waliyeshirikiana kumuua. Tunayo pia tofauti kati ya aliyemshika mtu na aliyemchinja: kwa Shafi'i aliyemshika anaadhibiwa kwa ta'zir, na kwa Malik, akijua kuwa mwenzake anakwenda kuua, wote wawili ni wauaji.

Isisomwe makala hii mtu akadhani naita watu watekeleze kisasi kijijini. Kisasi si kazi ya mtu binafsi kwa ijmai. Na katika nchi hii, Katiba ya 1995 ilipozitaja mahakama za kadhi, ilizitajia ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu. Kinachobaki mikononi mwetu ni mirathi, na hapo fiqhi ina meno: aliyeua harithi. Kwa Mashafi'i hata aliyeua kwa kukosea harithi. Sheikh anayegawa mbuzi watatu na sufuria za bibi yule hawezi kufumba macho akampa fungu mtu ambaye kijiji kizima kinamnong'ona. Na asimnyime kwa minong'ono pia. Asimamishe ugawaji hadi jambo lijulikane.

Litajulikanaje, na tumemzika alasiri? Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi moja kwa moja, kwa sababu katika jumuiya zetu mara nyingi ndio tunaoitwa kuosha maiti. Muoshaji anaona kabla ya polisi. Anaona mifupa iliyotoka, vidonda vya kulalia vilivyooza, alama za kamba kwenye kifundo cha mguu. Tumefundishwa kusitiri, na malipo ya anayesitiri tunayajua. Lakini tunachositiri ni aibu ya marehemu. Alama ya kamba si aibu ya aliyefungwa. Ni haki yake, na anayeijua akainyamazia yuko karibu na wale waliotajwa mwishoni mwa Surat al-Baqara, aya ya 283, wanaoficha ushahidi.

Dada au kaka anayeosha akikuta hali hiyo asitangaze uani, wala asimkabili mlezi. Asimamishe kuosha, kwa kuwa maji yanafuta mengi. Amwambie imamu faragha, na imamu amfikie mwenyekiti wa baraza la wakimbizi au wa LC1 na kituo cha polisi kilicho karibu. Polisi ndio wanaoomba daktari aichunguze maiti. Watu watasema mnachelewesha mazishi na mnamkata maiti. Kuharakisha mazishi ni sunna, nami siipunguzi. Lakini Baraza la Fiqhi la Rabita kule Makka, katika kikao chake cha kumi mwaka 1408 Hijria, sawa na 1987, liliruhusu maiti kupasuliwa pale inapohitajika kujua sababu ya kifo katika kesi ya jinai, kwa kiasi cha haja na kwa kuheshimu mwili. Mara nyingi ni kuchelewa kwa usiku mmoja tu.

Na kabla hatujafika kwenye maiti, yupo aliye hai. Wenzetu wanaorudi Nakivale likizo wanawajua wazee na wagonjwa wa mtaa wao, na wanajua nani anamchukulia nani mgao. Aliyeandikishwa anaweza kubadilishwa, mwenye mgao au jirani yake akilipeleka jambo hilo kwenye dawati la malalamiko siku ya kugawa au kwa maofisa wa OPM. Mkipiga hodi mkaambiwa amelala, semeni mtasubiri aamke.

Wallahu a'lam.